Mama mdogo ameacha vidonge vya hospitali, na mimi ndiye niliyemwandikisha

Mpendwa mshauri,

Shikamoo. Naomba usitaje jina langu wala la kijiji. Nina miaka 34, mama wa watoto wawili, naishi wilaya ya Handeni, mkoani Tanga. Huu ni mwaka wa saba nikiwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Hapa kitongojini hakuna mlango nisioujua. Nimepeleka wajawazito hospitali usiku kwa bodaboda, nimegawa vyandarua, nimefuatilia watoto wa chanjo mmoja mmoja. Nikipiga hodi watu hawaniulizi nimefuata nini, wananisogezea kigoda.

Mwaka jana walikuja watu wa utafiti. Wana dawa ya mitishamba ya kisukari, magome na mbegu zilizosagwa na kutiwa kwenye kapsuli. Wanataka kujua kama inasaidia kushusha sukari kwa mtu ambaye tayari anatumia vidonge vya hospitali na anaendelea navyo. Waliponionyesha picha ya mti, moyo ulinipasuka kwa furaha. Ni mti uleule aliokuwa akiuchemsha babu yangu mzaa mama. Babu alikuwa mganga wa mizizi. Amekufa akiitwa mchawi, tena na watu waliokuwa wakimjia usiku awatibu. Nikasema leo dawa ya babu inapimwa na wasomi, itaandikwa.

Kazi yangu ni kutafuta watu wa kujitolea. Mtu anapimwa, akifaa anasaini, anapewa kopo lake, kila mwezi anarudi. Anapata nauli shilingi 10,000 na vipimo vya bure. Mimi napewa posho ya mwezi, na juu yake shilingi 5,000 kwa kila atakayekubaliwa. Mwanzoni watu waligoma. Wazee walisema tunataka kuwafanya panya wa majaribio. Msimamizi akawa ananipigia kila Ijumaa, "Wamefika wangapi?" Ndipo nikaanza kutumia maneno yangu. Nikawa nasema, "Hii ni dawa ya kwetu, haina madhara." Nikasema, "Mtapata dawa bure." Nilijua kuwa nusu ya makopo hayana dawa, mna unga tu uliotengenezwa ufanane, na kwamba hata daktari hajui nani kapata lipi. Limeandikwa kwenye fomu na tulilisoma. Lakini pale nilikuwa napita mbio, kama mtu anayesoma masharti ya mkopo wa simu. Watu kumi na wanne wamejiunga kwa mdomo wangu.

Mmoja wao ni mama mdogo. Ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki nikiwa darasa la tatu. Hajui kusoma, kwa hiyo alitia dole gumba. Shahidi aliyesaini pembeni ya dole lake ni mimi.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda kumsaidia kupukuchua mahindi. Nikafungua sanduku lake nichukue kanga ya kujifunga, nikakuta vibahasha vya vidonge vya sukari vya hospitali, vya miezi mitatu, vimefungwa fundo kwenye kitambaa. Hakuna hata kimoja kilichofunguliwa. Nilipomuuliza aliendelea kupukuchua. "Si umeniletea dawa mwenyewe? Ya babu yako. Sasa nitakunywaje mbili?" Halafu akaniambia jingine. Yeye na jirani yake, ambaye naye yumo kwenye utafiti, walizipasua zile kapsuli wakaramba. Za mama mdogo chungu, za jirani hazina ladha. Jirani alilia. Tangu siku hiyo wanagawana kopo la mama mdogo.

Nikamwambia hili lazima tuliseme. Akanishika mkono, kiganja chake kimejaa vumbi la mahindi. "Mwanangu, usiniseme. Wataniondoa. Hiyo elfu kumi ndiyo daftari za mjukuu."

Nikisema, nitakuwa nimemuuza aliyenilea, jirani naye ataumbuka, na msimamizi atajua nilivyokuwa naongea na watu. Labda utafiti wote utaharibika na dawa ya babu itatupwa. Nikinyamaza, namwogopea. Ana miaka 61. Juzi alinimiminia chai, nusu ikaingia kikombeni, nusu mezani. Sijui ni macho au ni uzee. Wiki ijayo ni tarehe yake ya kurudi kwa watafiti.

Nifanye nini?

Mwenye Deni, Handeni

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama palepale, mama mdogo anapoulizwa na mikono yake haiachi kupukuchua. Hakukuruka. Alikujibu kama mtu aliyefanya ulichomwambia. Nadhani ndiyo maana umejiita Mwenye Deni. Umeshika siri ya mzazi kwa mkono mmoja na kazi ya watu kwa mkono mwingine, na katikati yapo maneno uliyoyasema mwenyewe ambayo sasa yanakurudia kutoka kinywani mwa unayempenda.

Nitakuuliza mengi kuliko nitakayokujibu. Ila lipo moja lisilongoja barua yangu, ni macho yake. Sukari ikipanda, macho huweza kuona ukungu kwa siku au wiki, kisha yakarudi sukari inaposhuka. Ikikaa juu kwa muda mrefu huharibu mishipa midogo ya macho, ya figo na ya miguu, na mara nyingi mtu hasikii maumivu yoyote. Kutoka kwenye kikombe cha chai mimi siwezi kujua ni lipi kati ya hayo, wala wewe huwezi. Kutobolewa kidole zahanati ni dakika chache, na hakuhitaji ruhusa ya utafiti wala kungoja tarehe yake. Mkifika mwambieni nesi kwamba ameacha vidonge miezi mitatu, ili arudishwe kwa kipimo kinachomfaa, asijirudishe mwenyewe nyumbani. Na akiwa na kiu isiyokatika, anakojoa kupita kiasi, anatapika au anasinzia na kuchanganyikiwa, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo.

Sasa tukae.

Mama mdogo amekupa sababu ya kuacha vidonge, kwamba hawezi kunywa dawa mbili. Umeiamini mara moja kwa sababu inakuhukumu wewe. Je, ni sababu pekee? Nilifanya kazi ya unesi miaka kumi na tisa kabla ya kuanza kuandika hapa, na kina mama wengi walioniambia "nameza, nesi, nameza" walikuwa wanakimbia vidonge hivyo kwa sababu ya tumbo. Metformin, ambayo ndiyo wengi hupewa, huwaletea baadhi ya watu kichefuchefu, kuharisha na ladha ya chuma mdomoni, hasa wakiimeza tumbo tupu. Ikimezwa pamoja na chakula, na kuanzwa kidogokidogo, wengi huizoea. Lakini mtu anayepata mlo mmoja wa maana kwa siku anaimezaje pamoja na chakula mara mbili? Na atakuambiaje wewe mhudumu wa afya, mtoto aliyemlea akaelimika, kwamba vile vidonge vinamkimbiza chooni? Pengine dawa ya babu ilimpa tu mlango wa kutokea. Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema swali hilo hujamuuliza bado.

Kuna jambo nataka umsimulie, ukiona linafaa. Vile vidonge vilivyofungwa fundo navyo vina babu yao. Ulaya ulikuwapo mmea unaoitwa Galega, na wazee wa huko waliutumia kwa watu wanaokojoa kupita kiasi, karne nyingi kabla sukari haijajulikana ni nini. Baadaye wanakemia walikuta ndani yake kitu kinachoshusha sukari kweli, ila kilikuwa na sumu. Kondoo waliokula mmea huo walikufa. Wakatafuta ndugu zake walio wapole zaidi, na metformin ikatengenezwa mara ya kwanza mwaka 1922, ikaanza kutumika Ufaransa kwa wagonjwa wa sukari mwaka 1957. Kwa hiyo kwenye lile sanduku hakukuwa na dawa ya Wazungu inayoshindana na dawa ya kwetu. Kulikuwa na mitishamba miwili, mmoja umeshapitia safari yote ya kupimwa, wa pili ndio kwanza unafungasha mizigo.

Hapo ndipo ninapoligusa neno lako, "haina madhara". Najua hukulisema kwa ubaya. Ulilisikia kwa babu, na wengi wetu tumekua nalo. Lakini watafiti wangekuwa na hakika kwamba haina madhara, wangempima mama mdogo kila mwezi kwa ajili ya nini? Damu wanayochukua, pamoja na mengine, kwa kawaida ni ya kuangalia kama ini na figo vinaistahimili. Mtu aliyeambiwa haina madhara akipata manjano ya macho au kuvimba miguu, atadhani ni kitu kingine, na hatasema.

Halafu ile nusu ya makopo. Hebu fikiri jirani aliyelia. Alidhani ameibiwa. Kumbe uchungu peke yake hauthibitishi kitu: watengenezaji wa dawa za majaribio wanajua watu wataramba, na mara nyingine hutia uchungu hata kwenye unga usio na dawa. Huenda wanagawana dawa, huenda wanagawana unga mtupu. Hilo hata mimi nikiwa mtafiti nisingelijua, na ndiyo maana ya mpango mzima. Mtu akijua anapimwa kila mwezi hubadilika. Anapunguza sukari kwenye chai, anatembea, anakumbuka kumeza vidonge vyake, na sukari inashuka. Bila kundi la pili lililobadilika vilevile lakini halikupata dawa, utajuaje kilichoishusha? Jirani hakutupwa, mwanangu. Bila yeye dawa ya babu yako haiwezi kuthibitishwa kamwe. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo.

Hili linanipeleka kwenye hofu yako kwamba ukisema, dawa itatupwa. Ipindue uitazame upande wa pili. Tuseme dawa ya babu inafanya kazi kweli. Mama mdogo anapata nusu yake na ameacha vidonge vya hospitali, kwa hiyo sukari yake inapanda. Jirani anapata nusu nyingine, ingawa kwenye daftari ameandikwa hapati, kwa hiyo yake inashuka kidogo. Mwisho wa yote mtaalamu anajumlisha makundi mawili, anaona yanakaribiana, anaandika kwamba hakuna tofauti. Watu wawili si wengi, lakini una hakika ni wawili? Wako kumi na wanne waliosikia maneno yaleyale kutoka kwako. Huko China, Tu Youyou na wenzake walitoa kwenye pakanga dawa ambayo leo imo ndani ya mseto tunaomeza sote kwa malaria, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Kabla ya kuwapa wagonjwa, mwaka 1972 waliimeza wenyewe kwa hiari wakiwa chini ya uangalizi hospitalini. Tunaijua leo kwa sababu kilichotokea kwenye miili ya watu kiliandikwa kama kilivyotokea.

Na hata hivyo, mwanangu, sitakuambia kimbia ukaseme. Kila njia ina miiba yake.

Unaweza kunyamaza, ukambembeleza arudie vidonge, wakaacha kugawana. Nyumba itatulia. Lakini sukari yake itashuka ghafla, na daktari asiyejua lolote ataisoma kama kazi ya kapsuli. Akizidiwa kabla ya hapo, atatibiwa na watu wanaoamini anameza vyote viwili kama ilivyoandikwa. Na wewe utaendelea kupiga hodi kwenye milango mingine kumi na miwili ukiwa na jambo kooni.

Unaweza kwenda kusema peke yako bila yeye kujua. Kazi yako pengine inakudai hivyo. Sheria zako za kazi unazijua kuliko mimi, na kama fomu uliyosaini inakutaka utoe taarifa ya hatari kwa mshiriki, usijidanganye kwamba haipo. Ila jiandae kwa kitakachofuata. Mama mdogo atasikia kwa nesi kile alichokusihi ukiwa mmeshikana mikono, na habari za namna hiyo hapa kwetu hazilali njiani. Wenye vibahasha vyao wataficha zaidi.

Unaweza kwenda naye, aseme mwenyewe, nawe ukiwa kando. Njia hii ndiyo ninayotamani iwezekane, na nakiri natamani kwa moyo, si kwa ushahidi. Anaweza kukataa. Anaweza kukubali nyumbani na akifika pale akasema "nameza vyote". Hapo utafanyaje? Afadhali ulifikirie kabla hamjapanda bodaboda.

Lakini kwanza, una hakika watamwondoa? Nakuuliza kwa sababu barua yako yote imejengwa juu ya neno hilo, na aliyelisema ni mama mdogo, si daktari. Fomu za ridhaa kwa kawaida husema mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote bila kupoteza matibabu yake ya kawaida. Tafiti nyingi pia hutofautisha kuacha dawa ya utafiti na kutoka kwenye utafiti. Mtu anaweza kuacha kapsuli na bado akaitwa, akapimwa, akapewa nauli. Utaratibu wenu unasemaje sijui. Wewe unaweza kuuliza bila kutaja mtu: "Mshiriki akiacha vidonge vyake vya hospitali, tunafanyaje?" Kweli, mko wachache na wanaweza kukisia. Hata hivyo, swali ni jepesi kuliko ungamo, na jibu lake linaweza kuwa jepesi kuliko mnavyodhani.

Yamebaki mawili magumu, na nayasema polepole.

La kwanza ni saini yako. Asiyejua kusoma anapotia dole gumba, shahidi hutakiwa awe mtu wa pembeni, asiye wa timu ya utafiti, ili aweze kusema kweli kama yule mama alielezwa na akaelewa. Wewe ulikuwa wa timu, ulikuwa mwanawe, na kukubaliwa kwake kulikuwa na shilingi 5,000 zako. Je, ulielezwa hivyo ulipopewa kalamu? Nina shaka. Na mfumo unaomlipa mwandikishaji kwa kichwa, huku unampigia kila Ijumaa, unamsukuma kupita mbio kwenye ukurasa uleule ulioupita mbio wewe. Usibebe peke yako mzigo uliopakiwa na wengi. Kila utafiti wa afya kwa binadamu hapa nchini hupaswa kuwa na kibali cha maadili, ngazi ya taifa kikitolewa kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na majaribio ya dawa hupitia pia TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Kwenye nakala ya fomu aliyopaswa kubaki nayo mama mdogo huwa pana namba ya simu ya kamati ya maadili. Mshiriki anaweza kuipiga, na mfanyakazi naye anaweza. Unaweza kupoteza posho, hilo sitakuficha. Watoto wawili wanakula, na mwenye kujua uzito wa posho hiyo ni wewe.

La pili ni wale kumi na watatu waliobaki. Kwenye kazi hii ridhaa haiishi siku ya kusaini. Mtu anaweza kuelezwa upya, akaulizwa upya. Watafiti wazuri hufanya hivyo na hawaoni aibu. Wewe unaogopa kwamba ukirudi kwenye vile vigoda ukasema "kuna jambo sikulieleza sawasawa", hawatakuamini tena. Inawezekana wengine wasikuamini. Lakini walijiunga kwa nini? Hawakuijua kapsuli wala mtafiti. Walimjua aliyewapeleka kliniki usiku. Watu waliokuona ukihangaika na bodaboda saa nane za usiku wanaweza kustahimili kukusikia ukisema ulikosea. Mwaka 2011 maelfu ya Watanzania walipanga foleni Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha dawa ya mizizi cha shilingi 500, na baadhi waliacha ARV na vidonge vya sukari wakiamini wamepona. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wamechoka kuumwa, na walimwamini mtu. Ukimwona mama mdogo kwa jicho hilo, huenda mazungumzo yenu yakaanza mahali pengine kabisa.

Ukienda kwake, usiende na kadi ya kliniki mkononi. Mahindi hayajaisha, kaa upukuchue naye. Muulize kwanza vile vidonge vilimfanya nini tumboni, kisha umwombe akutolee lile fundo mwenyewe. Na jirani asisahaulike, mwite naye, aambiwe kuhusu kopo lake lisilo na ladha.

Mkishapima sukari niandikie, unieleze na macho yake yanaendeleaje.